Mama Mkwe Hataki Mtoto Aitwe Heroe

*Shangazi, nina ujauzito wa miezi saba na tumeambiwa ni wa kike. Mimi na mume wangu tulijuana kando ya Ziwa Natron, yeye akiwa dereva wa watalii, mimi mpishi wa kambi. Asubuhi ukitazama ziwani unaona heroe tu, pinki mpaka upeo wa macho. Tulikubaliana zamani kwamba tukijaliwa binti ataitwa Heroe. Sasa mama mkwe kasikia. Anasema mjukuu wake haitwi ndege, watu watamcheka, na isitoshe kwao binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba. Mume wangu kanywea. Nifanyeje?*
*Mama Kijacho, Arusha*

Mwanangu, Mungu akujalie ujifungue salama.

Nianze na hilo la ndege, maana halina uzito. Mama mkwe wako bila shaka amewahi kusikia mtu akiitwa Yona na hakushtuka, ingawa kwa Kiebrania huyo ni njiwa. Sipora, mke wa Musa, naye jina lake ni ndege. Akina Tausi tumesoma nao na tumewacheza ngoma. Vuka mpaka uende Embu, Kenya, utakuta wanaume wazima wanaitwa Nyaga, yaani mbuni, na hakuna anayewauliza mabawa yako wapi.

Si kwamba kila ndege anafaa. Ungeniandikia Bundi ningekukatalia hapa hapa, kwa sababu mtoto hawezi kuanza maisha akipambana na hofu ya kijiji kizima. Kasuku naye angekoma shuleni. Heroe hana sifa mbaya ninayoijua; tatizo lake ni kwamba wengi hawamjui kwa jina hilo, wanamwita flamingo. Binti yako ataulizwa maisha yake yote, "Heroe ndiyo nini?" Mimi naona hilo ni deni dogo, tena jibu lake ni tamu: sehemu kubwa ya heroe wa ile aina ndogo duniani huzaliwa Natron, kwenye maji ya magadi yanayochoma ngozi, ambako fisi na mbweha hawathubutu kuwafuata. Kinda hutoka yaini akiwa wa kijivu. Ile pinki inakuja baadaye, kutokana na vijimea vya ziwani anavyokula. (Kwa hiyo msiharakishe kununua nguo za pinki.)

Sasa tuje kwa mama mkwe, na hapa nakuomba usikasirike, kwa sababu ana hoja. Tazama majina yetu yanavyokaa kwenye vyeti: la mtoto, la baba, la babu. Babu ameshapata nafasi yake bila kuomba wala kugombana na mkwe. Bibi, aliyemzaa na kumlea mumeo, hana pa kukaa isipokuwa pale mbele, na pale mbele ndipo ulipomweka heroe. Anayosema kuhusu kuchekwa ni kisingizio. Anaogopa kusahaulika.

Ndiyo maana singeanza kwa kumtajia Yona na Sipora. Ningempa jina la ubatizo. Kwenye cheti cha serikali aandikwe Heroe, kanisani abatizwe jina la bibi yake, na nyumbani bibi amwite wajina wake atakavyo, wewe usimsahihishe hata mara moja. Watoto wengi wamekua na majina mawili na wanaitikia yote vizuri tu. Lakini mkimwahidi, mtekeleze. Lisiwe jina la kumtuliza mpaka arobaini iishe.

Na anayekwenda kuzungumza naye si wewe. Ni mumeo, tena peke yake. Huyo aliyenywea anapaswa kunyanyuka. Jina alikubali mwenyewe akiwa Natron, akalitetee kwa mama yake. Ukienda wewe, hata ukiongea kwa magoti, itabaki kuwa mkwe kamkatalia mama jina.

Kuna jambo moja la makaratasi ambalo wazazi wa majina adimu hulijutia. Muuguzi akisikia "Heroe" katikati ya kelele za wodi anaweza kuandika Hero, Heloe, au hata Heri kwa nia njema kabisa. Liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, uiweke ndani ya kadi ya kliniki, na usitoke hospitali kabla hujasoma tangazo la kizazi herufi kwa herufi, kwa sababu cheti cha kuzaliwa cha RITA kitafuata kilichoandikwa pale. Kosa la herufi moja litamsubiri shuleni, kisha kwenye kitambulisho cha NIDA, kisha kwenye pasipoti, na kila dirisha litamrudisha la nyuma yake.

Una miezi miwili. Mumeo aende Jumapili hii, abebe na kilo mbili za sukari.