Tangi limehama, matumbawe yamejikunja: usikimbilie dawa

Leo naanza na mdogo wetu wa Maskati aliyehama nyumba kutoka Ruwi kwenda Seeb pamoja na tangi lake la maji ya chumvi. Samaki wamefika salama, lakini matumbawe yamejikunja tangu siku ile, moja limeanza kupauka, na dukani ameshauriwa anunue chupa tatu za dawa. Ananiuliza aanze na ipi.

Usianze na yoyote, mdogo wangu. Tumbawe lililotoka safarini linataka joto lisilopanda na kushuka, chumvi ile ile lililoizoea, na mkono wako ukae nje ya maji. Najua inavyouma kutazama kitu ulichokilea kimenywea halafu ukaambiwa ukiache. Hata hivyo mimi naamini mengi hayauawi na safari. Yanauawa na wiki mbili za baadaye, pale mwenyewe anapohangaika kuyasaidia: leo anayahamisha, kesho anaongeza taa, keshokutwa anamimina kitu kingine.

Ujue kwanza unatazama nini. Tumbawe ni mnyama, au tuseme ni ukoo wa wanyama wadogo sana, polipi, walioungana. Ndani ya nyama zao unaishi mwani usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake, na sehemu kubwa ya shibe yake hutoka huko. Joto au mwanga ukibadilika ghafla, tumbawe huutoa mwani, na rangi huondoka nao. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, miamba mingi ya pwani yetu ya Kenya na Tanzania ilipauka kwa njia hiyo hiyo. Tumbawe lililopauka halijafa. Lina njaa, na nyama ikiwa bado ipo, mwani unaweza kurudi.

Kwa hiyo zima pampu kidogo, usogeze uso karibu na kioo. Kwenye lile lililopauka, je, juu ya mfupa kuna utando mwembamba unaopitisha mwanga, na polipi wamerudi vishimoni mwao? Basi lipo hai, liache. Lakini ukiona nyama inachanika, vipande vinapeperuka na maji na mfupa unabaki mtupu, upande huo umekwisha. Lenye matawi likate kuanzia mahali palipo pazima. Na ukikuta ute wa kahawia unaonuka uozo, hasa kwenye yale yenye minyiri minene, uvute kwa mrija na ulitenge tumbawe hilo, kwa sababu ute ule unahamia kwa majirani. Hapo tu ndipo nakuruhusu kuingiza mkono.

Sasa tuzungumzie amonia, maana ndiyo naihofia kuliko yote. Bakteria wanaosafisha tangi lako wengi wao wanakaa kwenye mawe na mchanga. Wanaoelea majini ni wachache. Mawe yakikauka njiani, au kichujio kikafungwa saa nyingi bila hewa, hao wanakufa na amonia inapanda. Na mchanga wa zamani, wadogo zangu, ndio mtego. Umekusanya mabaki ya chakula na kinyesi cha miaka. Ukiuchota na kuumwaga kama ulivyo kwenye tangi, unamwaga uchafu wote kwa mara moja. Chini kabisa mara nyingi kuna tabaka jeusi linalonuka mayai viza. Harufu hiyo ni ya gesi yenye sumu kwa viumbe wako. Uoshe mchanga mpaka maji yatoke meupe, au nunua mpya. Mchanga ulioshwa umepoteza bakteria, lakini mawe yakifika mabichi yatabeba kazi.

Pima amonia kila siku katika wiki ya kwanza. Inatakiwa sifuri. Ikionekana, badilisha maji, sehemu moja ya tano au robo, na upunguze chakula cha samaki. Weka pia mkaa maalumu wa kuchujia. Hauondoi amonia, ila unanasa kemikali ambazo matumbawe hutoa yanaposhtuka, hasa yale laini. Maji mapya yawe na chumvi gramu 35 kwa kilo moja ya maji, na joto sawa na la tangini. Huko Maskati maji ya bomba mengi ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, na watu hudhani basi ni safi kwa tangi. Yametiwa klorini. Tumia yaliyopita kwenye mashine ya kuchuja.

Joto lishike kwenye nyuzi 25 au 26. Usidanganyike kwa kuwa matumbawe ya Ghuba yanavumilia nyuzi 34 kiangazi. Ya Ghuba yamezoea. Yako yakiwa ya Indonesia au Australia hayawezi. Ukizima kiyoyozi mwezi wa sita ukaenda kazini, utarudi ukute maji ya moto. Taa ziwashe kwa nusu ya nguvu, uziongeze polepole kwa siku kumi hadi wiki mbili. Na alkali, ukiikuta imeshuka, usiipandishe zaidi ya digrii moja ya kipimo chake (dKH) kwa siku. Ikitulia kwenye 7.5 ni afadhali kuliko kurukaruka ukiitafuta 9.

Kuna jambo la kukulinda wewe mwenyewe. Yale matumbawe laini yanayotandaza viua vya duara juu ya jiwe, zoanthi, baadhi yao yana palitoksini, sumu kali mno. Vaa glavu na miwani unapoyashika. Usiyasugue kwa brashi ukayarusha majimaji, na kamwe usichemshe jiwe lenye hayo ili kulisafisha. Mvuke wake umeshawapeleka watu hospitali, familia nzima pamoja na watoto.

Wewe ambaye hujahama, andaa maji ya chumvi siku moja kabla ya safari. Siku ya safari samaki wasile. Kila tumbawe liingie kwenye mfuko wake, mifuko ipangwe kwenye deli lenye kifuniko, ikae ndani ya gari kwenye ubaridi wala si kwenye buti. Safiri usiku kama ni kiangazi. Tangi libebwe tupu kabisa, kwa sababu uzito wa maji na mchanga unapotikisika huachanisha viungo vya kioo.

Na aliyepoteza matumbawe asikimbilie kuyavunja ya baharini. Matumbawe ya mawe yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Nunua kipande kilichooteshwa tangini, tena baada ya amonia kukaa sifuri kwa wiki kadhaa.

Mdogo wangu wa Seeb, nitumie picha wiki ijayo. Ipige chini ya taa nyeupe, maana kwenye taa ya buluu hata lililopauka linang'aa.