Tumbawe Uyoga na Mwanga Wake

Anayeanza kufuga matumbawe kwenye tangi hutanguliza taa. Hutafuta ya LED yenye nguvu kuliko zote, huifungulia mpaka mwisho siku ileile, na kabla juma halijaisha tumbawe uyoga limesinyaa na kupauka kama kanga iliyoanikwa juani mwaka mzima. Maji ni safi, chumvi iko sawa. Mwanga ndio uliozidi.

Tumbawe uyoga ni mnyama asiye na kiunzi cha chokaa. Ndani ya nyama yake umo mwani usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji. Mwanga ukiongezeka ghafla, mwani huelemewa, kemikali zenye madhara hujikusanya, na mnyama huutoa mwilini.

Lakini uyoga hautofautiani kwa rangi tu. Huko Eilat, kwenye Bahari ya Shamu, watafiti wamelinganisha aina mbili: Rhodactis rhodostoma, anayetanda kwenye miamba ya kina kifupi penye jua, na Discosoma unguja, mwenye jina la kisiwa cha Unguja tangu mwaka 1900, anayekaa kwenye vivuli. Kwa hiyo mnunuzi aulize kwanza jina la aina, bei baadaye.

Discosoma huridhika na maikromoli 50 hadi 75 za mwanga kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Aina nyingine, Ricordea florida wa Karibi, huweza kufika 100 au zaidi kidogo. Kipimo hicho husomwa kwa kifaa maalumu, ambacho ni ghali; kuazima kunatosha. Idadi ya wati iliyoandikwa kwenye boksi la taa haisaidii kitu hapa.

Siku ya kumleta, taa izimwe. Mfuko uelee tangini dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha maji ya tangi yadondoshwe polepole kwenye chombo chenye tumbawe kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, hadi chumvi ilingane. Maji ya safari yamwagwe kwenye sinki, yasiingie tangini.

Tumbawe liwekwe chini kabisa, pembeni, penye mkondo hafifu. Taa ianze kwenye robo ya nguvu yake, iongezwe kidogokidogo kwa wiki tatu au nne. Likirefuka juu mithili ya tarumbeta, linatafuta mwanga. Likijikunja na kufifia, lihamishiwe kivulini siku hiyohiyo.

Uyoga ukishazoea huzaliana wenyewe, na hapo ndipo wengine hutupa vipande baharini. Ni hatari, kwa maana uyoga huweza kuvamia mwamba: kwenye kisiwa cha Palmyra, Pasifiki, uyoga wa jamii ya Rhodactis ulitanda juu ya matumbawe kuzunguka meli ya uvuvi iliyozama mwaka 1991. Vipande vya ziada apewe mfugaji mwingine. Visirudishwe baharini kamwe.