Matayarisho ya Mbio za Hisani

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mimi zangu ziliishia kando ya barabara, kilomita ya saba, raba mkononi na machozi machoni. Ndugu msomaji, Chama chetu cha Kiswahili kimeniomba niandike juu ya matayarisho ya mbio ndefu. Nimeona heri nianze na aibu yangu mwenyewe, ili wewe isikupate.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Hapa shuleni kila mbio ndefu huitwa marathoni. Hasha! Marathoni ni kilomita 42 na mita 195, umbali uliokimbiwa katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka wa 1908 na kuidhinishwa rasmi mwaka wa 1921. Zetu zilikuwa kilomita 10 tu. Nalo neno hisani lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni wema au fadhila. Katika mbio za hisani, mkimbiaji huwaendea watu wakamwahidi fedha, mara nyingine kwa kila kilomita atakayoimaliza.

Mbio zetu zilikuwa za kumnunulia mwanafunzi mwenzetu kiti cha magurudumu. Shangazi yangu, ambaye huwachomea madereva wa malori mahindi hapa Salgaa, aliniahidi shilingi 20 kwa kilomita. Ahadi zangu zote pamoja zilifika shilingi 150 kwa kilomita. Piga hesabu basi: kilomita tatu nilizoziacha zilikula shilingi 450 za mwenzetu.

Kosa lilikuwa nini? Nilinunua raba mpya, nyeupe pe, nikazificha chini ya kitanda zisije zikachafuka. Nilizivaa asubuhi ile ile ya mbio. Kufikia kilomita ya nne malengelenge yalikuwa yameota visiginoni. Kufikia ya saba yalikuwa yamepasuka. Nilipomwendea Shangazi kuchukua pesa, alihesabu shilingi 140, akanitazama miguu, akasema, "Mwanangu, mimi niliahidi miguu, sikuahidi viatu."

Kumbe Mhabeshi Abebe Bikila alilijua jambo hilo zamani. Mwaka wa 1960 huko Roma, viatu alivyopata vilimbana, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi miguu mitupu. Basi alivitupilia mbali, akakimbia peku marathoni nzima na kushinda. Mwaka wa 1964 huko Tokyo alishinda tena, safari hii akiwa na viatu. Siri si kiatu wala kukosa kiatu. Siri ni kukimbia na kile ambacho mguu wako umekwisha kukizoea.

Haya basi, shika haya niliyojifunza tangu siku hiyo.

Raba. Si lazima ziwe za duka kubwa, hata za mitumba zafaa. Ziweke juu ya meza uzitazame kwa nyuma. Zikiegemea upande mmoja, soli imelika, ziache. Zijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na uhakikishe upana wa kidole gumba umebaki mbele ya vidole vyako. Kisha zikimbie kwa majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe. Zichafuke tu!

Soksi na nguo. Soksi za pamba hushika jasho, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Tafuta nyepesi zinazokauka haraka, zisizo na mshono mnene vidoleni. Fulana na kaptura pia ziwe nyepesi. Paka mafuta mazito kwapani na mapajani, mahali ngozi inaposuguana. Asubuhi hapa kwetu kuna baridi kali, kwa hivyo vaa sweta kuukuu utakayoivua mwili ukipata joto.

Mazoezi. Usianze na kilomita 10, aisee. Anza na mbili au tatu, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza na mwenzako. Makocha wengi hushauri usiongeze zaidi ya sehemu moja kwa kumi kila juma, na kuwe na siku za kupumzika. Mwenda pole hajikwai.

Mahali pa kukimbilia. Hapa nawasihi sana wenzangu. Barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret si uwanja wa michezo. Malori huteremka kutoka Sachangwan yakiwa yamelemewa na mizigo, na breki zikishindwa hakuna wa kuyazuia. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana huko Migaa, wakafa watu 36. Sisi hukimbilia njia za murram za kwenda mashambani, mchana kweupe, tukiwa wawili au zaidi. Ukilazimika kupita kando ya lami, elekea magari yanakotoka uyaone, na uvae nguo ya rangi inayong'aa.

Chakula. Usijaribu kitu kigeni siku ya mbio. Uji na mkate ulivyozoea vyatosha, saa mbili au tatu kabla ya kuanza. Maji kunywa kidogo kidogo.

La mwisho, tusidanganyike kuwa mbio za hisani ni za wenye kasi tu. Mwaka wa 2014 Bi. Margaret Kenyatta, aliyekuwa mke wa Rais, alikimbia nusu marathoni jijini Nairobi kwa ajili ya kampeni ya Beyond Zero ya kuokoa akina mama na watoto. Mwezi uliofuata akamaliza marathoni kamili ya London kwa muda wa zaidi ya saa saba. Mshindi alikuwa amekwisha kuoga na kula! Lakini mama huyo alifika, na kampeni ile ilipeleka zahanati za magari mashinani.

Mwaka huu nimekimbia tena, na raba zile zile, sasa rangi ya udongo. Nilikuwa wa tatu kutoka nyuma. Shangazi alinisubiri ukingoni na shilingi 200 zimefungwa kwenye kitambaa. Safari hii hakunitazama miguu.