Somo la Lulu: Kuichagua, Kuiandika na Kuitunza

Mkoani Shinyanga na katika ukanda wa Geita wapo watu wengi wenye ujuzi wa kuitambua mali itokayo ardhini. Huko Mwadui, katika Wilaya ya Kishapu, John Williamson aligundua mwamba wa almasi mwaka 1940. Huko Geita soko la madini lilifunguliwa mwaka 2019 ili wachimbaji wadogo wauze dhahabu yao mahali panapojulikana. Hata mkulima wa pamba wa Samuye, ambaye hajapata kushika sururu ya mgodini, amesikia jinsi dhahabu inavyojaribiwa: hupimwa kwa mizani, huchomwa kwa moto, hutiwa tindikali. Ikistahimili yote hayo, huyo mwenye nayo hujua kwamba anayo dhahabu.

Ujuzi huo ni mzuri, lakini una mpaka wake. Liko pambo moja ambalo likitendewa hivyo huharibika papo hapo, hata likiwa halisi kabisa. Pambo hilo ni lulu. Wanachama wengi hununua mapambo baada ya kulipwa fedha za pamba, au hupokea mapambo hayo kama zawadi kutoka kwa ndugu waliosafiri pwani. Kwa hiyo yafaa makatibu na wanachama wajue lulu ni kitu gani, huchaguliwaje, huandikwaje katika daftari, na hutunzwaje. Asiyejua mambo hayo aweza kulipia kioo kwa bei ya lulu, au kuiua kwa siku moja lulu halisi iliyomgharimu jasho la msimu mzima.

1. Asili ya lulu

Lulu si jiwe la ardhini. Hutengenezwa na kiumbe hai aishiye majini, yaani chaza wa baharini au kome wa maji baridi. Kitu kigeni kikimwingia mwilini na kumsumbua, kiumbe huyo huweza kukifunika kwa utando ule ule anaoutumia kulipamba kombe lake kwa ndani. Huongeza tabaka jembamba juu ya tabaka jingine, na mng'ao wa lulu hutokana na mwanga unaopita na kurudi katika tabaka hizo.

Utando huo kwa sehemu kubwa ni chokaa, iliyounganishwa na ute wa kiumbe mwenyewe. Hapa ndipo ilipo siri ya somo lote. Chokaa huliwa na kila kitu kichachu, na ute hukauka kwa joto. Katika kipimo cha ugumu kinachotumiwa na wataalamu wa madini, almasi hupewa 10, mchanga wa kawaida wa jiwe jeupe hupewa 7, na lulu haifikii hata 5. Maana yake ni kwamba vumbi la njiani lina punje zinazoweza kuikwaruza lulu.

Mapambo ya baharini si mageni katika bara. Zamani watemi wa Usukuma na Unyamwezi walivaa vipande vya mviringo vilivyokatwa katika makombe ya bahari, vikaletwa na misafara kutoka pwani. Lulu ni ndugu wa makombe hayo, kwa kuwa asili yao ni moja.

2. Maana ya lulu ya kufugwa

Hapo kale lulu zote ziliokotwa. Wazamiaji wa Ghuba, hasa wa Bahrain na Kuwait, walishuka chini ya bahari kwa pumzi zao wenyewe, wakafungua mamia ya chaza ili kupata lulu chache zenye thamani. Mwaka 1893 Mjapani Kokichi Mikimoto alifaulu kupata lulu nusu kutoka kwa chaza aliowafuga. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wa Japani wakapata njia ya kuzalisha lulu ya mviringo kamili. Katika miaka ya 1930 biashara ya lulu ya Ghuba ilianguka, kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa dunia na ushindani wa lulu hizo mpya.

Lulu ya kufugwa ni lulu halisi. Binadamu humsaidia chaza kwa kumtilia kiini tu. Utando huwekwa na chaza mwenyewe. Siku hizi karibu lulu zote zinazouzwa duniani ni za namna hiyo. Kwa hiyo muuzaji akisema kweli kwamba lulu yake ni ya kufugwa, mnunuzi asiione kuwa ni ya udanganyifu. Udanganyifu ni kuiita lulu shanga ya kioo au ya plastiki iliyopakwa rangi inayong'aa.

Hapa nchini mfano wa karibu uko Unguja, katika rasi ya Fumba. Katika miaka ya 2000, wanawake wa huko waliokuwa wakiokota chaza kwa ajili ya kitoweo walianza kujifunza ufugaji wa lulu nusu, wakisaidiwa na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar. Kiini cha plastiki chenye umbo la nusu tufe hugandishwa ndani ya kombe la chaza aliye hai, kisha chaza hurudishwa baharini katika kizimba au kamba. Baada ya miezi 9 hadi 12 hivi, kiini huwa kimefunikwa. Fundi hukata sehemu hiyo, huondoa plastiki, hujaza gundi ngumu, na huziba nyuma kwa kipande cha kombe. Makombe yaliyobaki nayo hukatwa na kung'arishwa yakawa vipuli na vidani. Mwanaushirika yeyote ataona fundisho hapo: chaza aliyekuwa akiliwa mara moja ameongezewa thamani kwa ujuzi na subira.

3. Aina zinazofika sokoni

Mnunuzi yampasa kutambua aina nne.

(a) Lulu kamili ya baharini. Hii ina kiini cha duara ndani yake na utando juu. Utando ukiwa mwembamba mno, lulu hupoteza mng'ao au huanza kubanduka mapema.

(b) Lulu ya maji baridi. Nyingi hutoka China. Kome mmoja huweza kuzaa lulu nyingi kwa mara moja, kwa hiyo bei yake kwa kawaida ni nafuu. Nyingi kati ya hizi hazina kiini kigumu. Ni utando mtupu tangu nje hadi ndani.

(c) Lulu nusu, kama zile za Unguja. Upande mmoja ni bapa. Hutiwa katika pete, vipuli au vidani, wala haifai kutungwa mkufu kama shanga.

(d) Lulu bandia. Hii ni shanga ya kioo, plastiki au kipande cha kombe kilichopakwa rangi. Si haramu kuinunua, mradi iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

4. Namna ya kuchagua

Jambo la kwanza ni mng'ao. Lulu njema huonyesha taswira ya dirisha au ya taa kwa kingo zilizo wazi, na mwanga wake huonekana kama watoka ndani. Iliyo hafifu hufanana na chaki. Usiitazame lulu chini ya taa za duka peke yake. Omba kuitazama mlangoni, kwenye mwanga wa mchana.

La pili ni ngozi yake. Lulu iliyotoka kwa kiumbe hai huwa na vidoa au vishimo vidogo, na mkufu ambao kila punje yake ni sawasawa kabisa na nyenzake kwa bei ndogo unatia shaka. Lakini ufa, au mahali palipobanduka, ni kasoro ya kweli inayoendelea kukua.

La tatu ni tundu. Tazama kandokando ya tundu la uzi kwa kioo cha kukuzia. Lulu bandia mara nyingi huonyesha rangi iliyochanika au kukunjamana hapo. Katika lulu yenye kiini, huweza kuonekana mstari mwembamba unaotenga utando na kiini.

La nne ni umbo na ulinganifu. Viringisha mkufu polepole juu ya kitambaa. Punje zisizo duara huyumba. Umbo lisilo duara si ubaya kwa anayelipenda, ila bei yake iwe ndogo.

La tano ni mguso wa meno. Punje mbili zikisuguliwa pole pole, au moja ikipitishwa kidogo kwenye ncha ya jino, lulu halisi huwa na ukwaru mdogo kama wa mchanga laini sana, na bandia nyingi huteleza. Njia hii haitofautishi lulu ya kufugwa na ile ya kuokotwa baharini. Jambo hilo huhitaji picha ya eksirei katika maabara ya vito.

Moto, tindikali, kisu na msasa visitumike kamwe. Muuzaji anayejitolea kuichoma lulu yake kwa kiberiti ili kuthibitisha uhalisi wake hathibitishi lolote, maana hata kioo hustahimili kiberiti.

5. Lulu na akiba

Dhahabu ikivunjika huyeyushwa, ikapimwa kwa gramu na kuuzwa tena. Lulu haiyeyushwi, wala haina bei moja ya gramu inayotangazwa. Ikichujuka hairudi. Kwa sababu hiyo, anayenunua lulu ainunue kwa ajili ya kuvaa au kutoa zawadi. Fedha ya ada ya shule, ya mbegu na ya dawa za pamba isigeuzwe kuwa mkufu kwa matumaini kwamba utauzwa shida itakapofika.

6. Kazi ya katibu

Tuseme mwanachama ameleta mkufu uwe sehemu ya dhamana ya mkopo, na masharti ya chama yanaruhusu. Katibu akaandika: "Mkufu mmoja wa lulu." Baada ya miezi sita mwanachama amemaliza deni, anarudishiwa mkufu, naye anasema huu si wake. Kamati itaamuaje? Daftari halisemi punje zilikuwa ngapi wala zilikuwa za aina gani. Mwanachama mwaminifu atatoka akinung'unika, na katibu mwaminifu atabaki na doa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maandishi yanayotosha ni kama haya: "Mkufu mmoja, punje 52 nyeupe, kipenyo cha milimita 7 hivi, umbo la karibu duara, kibanio cha rangi ya fedha, punje ya tatu kutoka kibanioni ina kishimo. Mwenyewe asema ni lulu za maji baridi. Haijathibitishwa na mtaalamu." Kisha waweke sahihi mwanachama, katibu na shahidi mmoja, na picha ipigwe ikiwezekana. Sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko zote, kwa kuwa chama hakipaswi kuandika kama ukweli jambo ambalo hakikulipima. Kamati isiyoweza kupata mthamini yafaa ikatae dhamana hiyo kwa upole, badala ya kukisia bei kwa fedha za wanachama wote.

Vivyo hivyo, mwanachama anunuapo lulu dukani adai stakabadhi inayotaja aina yake: ya baharini, ya maji baridi, lulu nusu au bandia. Stakabadhi iliyoandikwa "pambo" tu haimsaidii siku ya malalamiko.

7. Utunzaji

Kanuni ya kwanza ni kwamba lulu huvaliwa mwisho na huvuliwa kwanza. Mafuta ya kujipaka, manukato na dawa za nywele zimalizike kabla ya kuivaa. Jasho nalo huila polepole.

Isivaliwe jikoni penye limau, siki na ukwaju, wala mtoni wakati wa kufua kwa sabuni ya unga, wala shambani wakati wa kunyunyizia pamba dawa.

Baada ya kuivaa, ipanguswe kwa kitambaa laini kilicholowana kidogo kwa maji safi, kisha iachwe ikauke kivulini. Kwa kuwa nchi yetu ina vumbi jingi, kitambaa kikavu kisisuguliwe kwa nguvu, maana punje za mchanga hukwaruza. Lulu nusu isilowekwe majini, kwani gundi yake huachia.

Ihifadhiwe peke yake katika kitambaa cha pamba. Ikichanganywa na dhahabu au vito vigumu huchunika. Isifungiwe siku nyingi katika mfuko wa plastiki, wala isiwekwe dirishani penye jua au karibu na jiko, kwa sababu joto kali huikausha na kuipasua.

Mkufu uvaliwao mara kwa mara utungwe upya kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na fundi atie fundo kati ya punje na punje. Uzi ukikatika, itaanguka punje moja badala ya hamsini, na punje hazitasuguana.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa chama

1. Kwa nini vipimo vya dhahabu haviwezi kutumika kwa lulu?
2. Lulu ya kufugwa na lulu bandia zinatofautianaje?
3. Daftari la dhamana la chama chetu linaeleza mali za wanachama kwa ukamilifu gani? Someni maandishi matatu ya mwisho, kisha myarekebishe mbele ya wenye mali.
4. Wanawake wa Fumba waliongeza thamani ya kile walichokuwa nacho. Ni zao gani la Samuye linalouzwa likiwa ghafi, ambalo chama kingeweza kuliongezea thamani?