Kumlazimisha Mgonjwa Kula Si Ukarimu



Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi hawalihisabu kuwa ni la dini, nalo ni kula kwetu na kutembea kwetu. Tumezoea katika darsa kusoma udhu, Swala, Zaka na mirathi. Na mtu akitaja wali na sukari huambiwa hayo ni maneno ya jikoni au ya hospitali. Lakini mwili ni amana tuliyopewa na Mwenyezi Mungu, na kila mwenye amana ataulizwa. Na katika miji yetu ya Pwani yameenea maradhi yanayoila amana hiyo mbele ya macho yetu, na sisi wenyewe, kwa desturi tunayoiita ukarimu, twayasaidia. Maradhi hayo ni ugonjwa wa sukari.

Alikuwako mzee mmoja katika mtaa wetu, mtu wa msikitini, mwenye ugonjwa huu. Alialikwa harusini, akakaa penye sinia pamoja na wenziwe. Alipotaka kuondoa mkono baada ya matonge machache, mwandazi alimjia akamwambia: "Mzee wangu, leo ni siku ya furaha, sukari iweke kando. Ukiondoka hivi utatuvunja moyo." Yule mzee kwa haya yake akala. Ikaletwa halua, akala. Ikaletwa soda, akanywa. Mwandazi yule ni mimi niandikaye maneno haya. Baada ya miaka mzee akapata kidonda chini ya unyayo asikihisi, hata mguu ukakatwa. Sisemi kuwa sinia lile moja ndilo lililomkata mguu. Lakini yalikuwa masinia mengi, katika nyumba nyingi, na kila nyumba ilikuwa na mwandazi kama mimi.

UGONJWA WENYEWE

Chakula cha wanga, kama wali, mkate, mahamri na mhogo, kikifika tumboni hugeuka sukari na kuingia katika damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, nayo ni kama ufunguo: huufungulia mwili mlango ili sukari itoke katika damu, iingie katika nyama za mwili na kuwa nguvu. Mtu akinenepa, hasa tumboni, na akawa hatumii mwili wake, kufuli huanza kuwa nzito na ufunguo hautoshi. Sukari husalia katika damu. Ikikaa humo miaka, huharibu mishipa midogo ya macho na ya figo, huua hisia za nyayo, na huuandaa moyo kwa maradhi na ubongo kwa kiharusi.

Dalili zake ni kiu nyingi, kukojoa mara kwa mara, uchovu, kupungua mwili pasi na sababu, na kidonda kisichopona. Lakini wengi hukaa nao miaka pasi na dalili yoyote. Basi mtu mzima na apimwe damu kabla hajala asubuhi. Kipimo kikiwa chini ya 5.6 ni salama, kikifika 7.0 au zaidi, na kikarudiwa kikawa vivyo hivyo, huo ni ugonjwa.

Na tuseme kwa uadilifu: iko aina nyingine ya ugonjwa huu ambayo aghalabu huwapata watoto na vijana, nayo haikuletwa na ulaji wao wala uvivu wao. Hao hawana lawama, na maisha yao yategemea insulini kila siku.

DINI YASEMAJE?

Qur'ani katika Sura ya 7, aya ya 31, imeturuhusu kula na kunywa, na papo hapo ikatukataza israfu. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa matonge machache yamtosha mtu kumsimamisha mgongo, na ikiwa hapana budi kuzidisha, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi iachiwe pumzi. Nani kati yetu ainukaye penye sinia la biriani na theluthi ya pumzi imesalia?

Lakini hadithi iliyo karibu zaidi na kisa chetu ni ya bibi wa Kiansari, Ummul-Mundhir, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Mtume (s.a.w.) aliingia nyumbani kwake pamoja na Sayyidna Ali, na Ali alikuwa ndiyo kwanza ainuke ugonjwani. Palikuwa na vishada vya tende vimetundikwa. Mtume akala, na Ali naye akainuka ale. Mtume akamzuia, akamkumbusha kuwa yeye bado ni dhaifu wa maradhi. Kisha yule bibi akapika shayiri na mboga ya majani, na Mtume akamwambia Ali ale hiyo, kwani ndiyo imfaayo.

Tazameni, ndugu zangu. Mgeni ni Sayyidna Ali, chakula ni tende, na mwenye kuzuia ni Mtume mwenyewe. Hakusema kuwa Ali akiacha atamvunja moyo mwenye nyumba. Wala yule bibi hakukasirika. Aliingia jikoni akapika kinachomfaa mgonjwa. Huo ndio ukarimu. Kumzuia mgonjwa kwa upole ni sunna, na kumlazimisha ni desturi tu.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyetoa karatasi za Sahifa mwaka 1930 na gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alitumia kalamu yake kuwanasihi watu wa Pwani waache desturi zisizo na asili katika dini. Desturi hii nayo yastahili kupimwa kwa mizani hiyo hiyo.

"NI KUDRA YA MUNGU"

Wako wasemao: "Maradhi ni kudra, aliyeandikiwa hana pa kukimbilia." Twawajibu kwa kisa cha Sayyidna Umar. Alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kuwa huko kuna tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza kama aikimbia kudra ya Mungu, alimjibu kuwa aikimbia kudra moja na kuiendea nyingine, na zote ni za Mungu. Kujikinga nako ni kudra. Kadhalika dua na Qur'ani ni shifaa, lakini hazikuja ili mtu atupe dawa zake. Mtume (s.a.w.) ameamrisha tujitibu.

Wengine husema: "Wazee wetu walikula nazi na wali, wakaishi miaka mingi." Ni kweli wako walioishi sana. Lakini walichota maji visimani, walitwanga, walivuta makasia, walikwenda shamba na sokoni kwa miguu. Soda haikuwa kinywaji cha kila siku, wala bodaboda haikuwa ikingoja mlangoni. Sisi tumerithi sinia lao na tumeiacha kazi yao.

Na kwamba kujikinga kwafaa, limethibitika. Mwaka 2002 zilitangazwa natija za utafiti mkubwa wa Marekani uliofanywa kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa huu. Walionasihiwa na kusaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma, hatari yao ya kuugua ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini, hatari yao ilipungua kwa asilimia 31. Miguu na sahani ziliwakinga kuliko vidonge.

TUJIHISABIE SUKARI YETU

Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilinasihi kuwa sukari ya kuongezwa isifike gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama vijiko vidogo 12. Na ikiwa chini ya gramu 25, yaani vijiko 6, ni bora zaidi. Sasa tuhisabu. Vikombe viwili vya chai ya asubuhi, kila kimoja vijiko vitatu: hivyo ni sita. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina karibu vijiko vinane. Jumla ni kumi na vinne, na bado hatujafika kwenye kaimati za shira, tambi za sukari wala halua.

Dawa ya hayo si kujinyima vyakula vya kwetu. Pwani ina vyakula vyema kuliko watu wanavyodhani: samaki wa kuchoma, kunde, mbaazi, mchicha, bamia, kachumbari, mapapai na maembe. Kosa ni kuwa wali hujaza sahani na mboga hukaa pembeni kama pambo. Igawanyeni sahani hivi: nusu iwe mboga, robo iwe wali au mhogo, na robo iwe samaki, kuku au kunde. Tui zito liwe la siku maalumu. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo katika achari na mkate, isifike kijiko kidogo kimoja, kwani presha na sukari ni marafiki. Na kahawa yetu chungu inywewe vivyo hivyo ilivyo chungu.

Na wenye karamu, wekeni maji na kahawa karibu kama mnavyoweka soda. Mtengeeni mgonjwa sahani yake bila ya kumtangaza. Mgeni akisema "nimeshiba, alhamdulillahi," liwe neno la mwisho. Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia ila chakula, akikipenda alikula, asipokitaka alikiacha, na hakulazimishwa.

KUTEMBEA

Mtu mzima yampasa apate angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka kila juma, nazo ni nusu saa kwa siku tano. Mwendo uwe wa kukufanya uhisi pumzi, na bado uweze kuzungumza na mwenzio.

Banu Salima walikaa mbali na msikiti wa Madina wakataka kuhamia karibu. Mtume (s.a.w.) aliwaambia wabaki majumbani mwao, kwani nyayo zao huandikwa. Nasi leo twapanda tuktuk kwenda msikiti ulio mtaa wa pili! Ukiwa msikiti wako ni mwendo wa robo saa, swala moja tu, kwenda na kurudi, yakupa nusu saa yako, na juu yake thawabu. Baada ya chakula cha usiku pia, tembea dakika kumi au kumi na tano kabla ya kulala. Huishusha sukari katika damu. Ulionao ugonjwa huu, vaa viatu vilivyofunika vidole, na kila usiku zitazame nyayo zako, kwani huenda zimejeruhika nawe huna habari.

Na mama zetu na dada zetu wasisahauliwe. Wako waonao aibu mwanamke kutembea kwa ajili ya afya. Aibu hiyo imetoka wapi? Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, kama alivyopokea Abu Daud. Na watembee kwa stara zao, wawili watatu, asubuhi mapema au baada ya alasiri. Na asiyeweza kutoka, na afanye mazoezi uani au darini kwake.

NENO LA RAMADHANI

Mwezi wa kupunguza kula tumeufanya mwezi wa kuzidisha. Fungueni kwa tende moja au tatu na maji, mswali Magharibi, kisha mle kwa kadiri. Viazi karai, sambusa, kaimati na vitumbua visikusanyike vyote katika futari moja.

Mwenye sukari na amwone daktari mwezi mmoja au miwili kabla, amuulize kama aweza kufunga na vipi atabadili dawa. Asijiachie dawa wala insulini kwa rai yake. Kuchoma kidole kupima damu hakufunguzi, kama walivyosema wanavyuoni wengi wa zama zetu. Kipimo kikishuka chini ya 3.9, au akitetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa, na afungue hapo hapo kwa kitu cha sukari. Saa hiyo sukari ni dawa. Kikipita 16.7 pia na afungue, na aombe msaada wa daktari. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya 2, aya ya 184 na 185, na mwenye kuitumia hana dhambi.

MASWALI YA DARSA

1. Katika karamu zetu, ni desturi gani zilizo za dini na ni zipi zilizo za mashindano?
2. Ni nani katika nyumba yako hajapimwa damu, na utampeleka lini?
3. Mgeni wako akiondoa mkono, utamwambia nini?

Swali la tatu nalijibu kwa nafsi yangu. Nilikwenda kumzuru yule mzee akiwa amelazwa, nikamwomba radhi. Akanisamehe, akacheka, akasema: "Sote tulidhani ni mapenzi." Basi tangu siku ile, mgeni akiondoa mkono, humletea maji anawe.

Mwenyezi Mungu atupe afya, na atujaalie tuilinde amana yake. Amin.