Kiazi kilichojazwa maharagi: chakula cha jioni bila nyama



Mara nyingi masomo yetu yanabaki shambani: mbegu, matuta, mavuno. Leo tuingie jikoni. Kwenye chuo nilifundishwa kuhesabu kilo kwa hekta. Hakuna aliyeniuliza: kilo ngapi zinabaki nyumbani?

Siku moja nilifika kwa mama mmoja mkulima. Magunia mawili ya viazi vitamu vya rangi ya karoti yalikuwa mlangoni, yakingoja pikipiki ya soko. Ndani, watoto walikuwa wanakula bugali na sombe kidogo. Nikamuuliza, "Mama, na watoto wanakula viazi hivi?" Akacheka: "Kiazi ni cha asubuhi, mtoto yangu. Jioni mtu anakula bugali."

Njo maana ya somo hili. Kiazi kinaweza kuwa chakula kamili cha jioni, na hakikawii kuiva.

Vitu vya kutayarisha (watu 6)

- viazi 6 vya rangi ya karoti, vya ukubwa wa ngumi
- vikombe 3 vya maharagi yaliyokwisha kuiva
- fungu 1 la lengalenga au matembele
- vitunguu 2 na nyanya 3
- vijiko 4 vya mafuta ya mawese
- chumvi, pilipili kwa wakubwa

Namna ya kupika

1. Maharagi yachemshwe mapema, hata asubuhi, mpaka yalainike kabisa. Maharagi yasiyoiva vizuri yanaumiza tumbo.
2. Osha viazi, usivimenye. Vitie katika sufuria na maji kidogo, funika, ngoja dakika 30 hivi. Kijiti kikiingia bila nguvu, vimeiva.
3. Wakati huo pasha mafuta, kaanga vitunguu na nyanya. Ongeza majani yaliyooshwa na kukatwa, kisha maharagi na chumvi. Dakika 10 zinatosha.
4. Pasua kila kiazi katikati, usikitenganishe. Bonyeza nyama yake kwa kijiko ili upate nafasi, kisha jaza maharagi na majani. Kula kingali moto.

Kwa mtoto aliyepita miezi 6, ponda kiazi pamoja na maharagi yaliyotolewa maganda, bila pilipili wala chumvi.

Kwa nini vitu hivi pamoja?

Rangi ya karoti inaonyesha kwamba kiazi kina kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hiyo inalinda macho na inasaidia mtoto kupigana na magonjwa. Mtoto anayeikosa sana anaweza kushindwa kuona jua likizama. Gramu 125 za kiazi hiki, ni kusema kiazi kidogo kimoja, zinaweza kumtosha mtoto mdogo kwa siku. Kiazi cheupe hakina nguvu hiyo.

Lakini bila mafuta, mwili unachukua kidogo tu. Kwa hiyo usiache mawese. Na usiyaunguze mpaka yawe meupe: ule wekundu wake nao unaleta vitamini A. Maharagi yanajenga mwili, kwa sababu kiazi peke yake kina protini kidogo.

Jirani zetu wa Uganda walitoa mbegu mbili za viazi hivi kwa wakulima mwaka 2007, Vita na Kabode. Mtafiti wao Robert Mwanga alikuwa kati ya watu 4 waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi ya namna hiyo. Basi si chakula cha maskini tu, kama wengine wanavyosema.

Tuhesabu

Viazi 6 ni karibu kilo 1 na gramu 200. Ukipika mara mbili kwa juma, mwezi mzima unatumia kilo 10 hivi. Gunia bado linaenda soko. Lakini kilo hizo 10 zitengwe mbele ya kufunga gunia. Kinachongoja kubaki, hakibaki. Chagua hata vile vilivyokatwa na jembe, mradi havijaoza, na vitangulie kupikwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Nyumbani kwetu, nani anaamua viazi gani viuzwe na gani vibaki?
2. Msimu huu, kila nyumba itatenga kilo ngapi?
3. Nani ana mbegu ya rangi ya karoti ya kugawia wenzake?

Mkutano ujao, kila mmoja alete jibu, na ikiwezekana, alete kiazi kimoja kilichojazwa tuonje.