DARSA YA MWEZI 28: USIKU WALIOPANDA UKUTA



Ndugu zangu, leo ni mwezi 28. Mgeni wetu ameshaanza kufunga mizigo yake. Na sisi mawazo yetu mengi yameshahamia kwenye nguo za watoto, unga, sukari na nauli ya kwenda kwa wazee. Si vibaya. Lakini kabla mwezi haujaandama, naomba dakika zako chache nikupeleke mbali kidogo, Andalusi, nchi ambayo leo ni kusini mwa Hispania.

Nakupeleka huko kwa sababu ya tarehe. Usiku wa 28 Ramadhani mwaka 760 Hijria, yaani Agosti 1359, watu kama mia moja walipanda ukuta wa Alhambra, kasri ya wafalme wa Granada. Usiku kama huu tuliotoka kuumaliza. Watu hao hawakwenda kuswali qiyamu. Walikwenda kumwondoa mfalme na kumweka mdogo wake wa baba mmoja.

Hebu tuanze mwanzo.

Granada ulikuwa ufalme wa Waislamu, wa ukoo wa Bani Nasri. Alioasisi mambo ni Muhammad ibn al-Ahmar, aliyeingia Granada mwaka 1238. Ulikuwa ufalme mdogo, umebanwa na Castile upande wa kaskazini, na mara nyingi ukilipa kodi kwa wafalme wa Castile ili uachwe. Watu wake walikuwa mafundi, wakulima hodari wa umwagiliaji, wanazuoni. Ila nyumba ya mfalme ilikuwa na ugonjwa mmoja: hapakuwa na kanuni waliyokubaliana wote ya nani anarithi kiti. Mtoto? Ndugu? Binamu? Kila mmoja alikuwa na hoja yake, na kila mmoja alikuwa na watu wake.

Matokeo yake unayaona. Mwaka 1309 Muhammad wa Tatu aliondolewa, akawekwa ndugu yake Nasri. Mwaka 1314 Nasri naye akaondolewa na Ismail wa Kwanza, mtoto wa jamaa zake. Mwaka 1325 Ismail akauawa na mtu wa ukoo wake mwenyewe. Mwaka 1333 mwanawe, Muhammad wa Nne, akauawa. Ndipo akawekwa ndugu wa marehemu, Yusuf wa Kwanza, kijana wa miaka kama 15.

Yusuf alijenga. Katika zama zake, mwaka 1349, ilifunguliwa madrasa kubwa ya Granada, na aliyeisimamia ni waziri wake mkuu, Ridhwan. Sisi tuliosoma chuoni tukikaa kwenye mkeka tunajua thamani ya mtu anayejenga madrasa. Likumbuke jina hilo, Ridhwan.

Siku ya Idi, mwezi mosi Shawwal mwaka 755, Yusuf alichomwa kisu akiwa msikitini anaswali. Aliyemuua anatajwa kuwa mtu mwenye wazimu. Mfalme akafa, akaacha nyumba mbili. Nyumba ya kwanza, mtoto wa kiume ni Muhammad, miaka 15. Nyumba ya pili, ya mama aliyeitwa Maryam, mtoto mkubwa wa kiume ni Ismail, aliyezaliwa mwaka uleule mmoja na Muhammad, wamepishana miezi tu. Chini yake yupo mdogo wake, Qays, na wasichana.

Kiti kikaenda kwa Muhammad, anayejulikana kama Muhammad wa Tano. Ridhwan akawa ndiye anayeendesha mambo.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Ismail na mama yake walifanywa nini? Hawakuuawa. Hawakufukuzwa. Walipewa jumba ndani ya Alhambra, wakakaa kwa raha, wanakula vizuri, wanavaa vizuri, lakini hawatoki. Na Bi Maryam, siku ile mumewe alipokufa, alikuwa ameshachukua mali nyingi kutoka hazina. Yaani huku msiba, huku funguo.

Miaka mitano ikapita kimya. Mtu wa nje angesema ile nyumba ina amani. Kumbe mama anatumia ile mali kutafuta watu. Na kulikuwa na mkwe, mume wa dada yake Ismail, naye ni Muhammad, mtu wa ukoo uleule wa kifalme. Huyu ndiye aliyepanga.

Usiku ule wa 28 Ramadhani wakapanda ukuta. Wakaenda nyumbani kwa Ridhwan, wakavunja mlango, wakamuua ndani ya nyumba yake. Mjenzi wa madrasa, katika kumi la mwisho. Mfalme Muhammad usiku huo alikuwa nje ya ngome, kwenye bustani ya Generalife iliyo jirani. Aliposhtuka akajaribu kurudi, akakuta mambo yameharibika. Akapanda farasi, akakimbilia mji wa Guadix, na baadaye akavuka bahari mpaka Fez, kwa Sultani wa Morocco.

Ismail akakaa kwenye kiti. Unajua alikikalia muda gani? Hata mwaka haukutimia. Yule shemeji yake, aliyempandishia watu ukutani, mwaka 1360 alimgeuka akamuua, na mdogo wake Qays akauawa naye. Kumbe muda wote Ismail alikuwa ngazi tu. Shemeji akajiita mfalme, Muhammad wa Sita.

Naye hakudumu. Muhammad wa Tano alirudi kutoka Morocco, na mfalme Pedro wa Castile akamuunga mkono. Mwaka 1362 Muhammad wa Sita aliona maji yamezidi unga. Akabeba vito na mali, akaenda mwenyewe Seville kwa Pedro kuomba hifadhi. Pedro akachukua ile mali, kisha akamuua. Muhammad wa Tano akarudi kwenye kiti chake, akatawala mpaka alipofariki mwaka 1391. Ule Uwanja wa Simba ambao watalii wanaupiga picha leo katika Alhambra, aliujenga yeye baada ya kurudi.

Na huyo Pedro je? Baba yake, Alfonso wa Kumi na Moja, naye aliacha watoto wa nyumba mbili: Pedro wa mke wa ndoa, na wengine wengi wa mwanamke asiyekuwa mkewe. Mwaka 1369, huko Montiel, Pedro aliuawa na Enrique, ndugu yake wa baba mmoja. Kwa hiyo tusiseme hili ni tatizo la Waislamu au la Wakristo. Ni tatizo la binadamu mwenye kitu, anayekufa bila kuyaweka mambo yake sawa.

Ndugu yangu, dada yangu, wewe huna ufalme. Lakini una kiwanja. Una nyumba ya vyumba vinne, una duka, una shamba la minazi, una pikipiki mbili. Na kwenye macho ya watoto wako, hiyo ndiyo Alhambra.

Tuchukue mambo matatu.

La kwanza. Wale wa Granada hawakuwa na kanuni ya kiti. Wewe kanuni unayo. Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu amegawa mafungu ya mirathi mwenyewe, hakumwachia mtu. Watoto wa kiume wa mama mkubwa na wa mama mdogo fungu lao kwa baba ni sawasawa, hakuna wa daraja la pili. Binti ana haki yake, nusu ya fungu la kaka yake, na si hisani ya kaka. Wake, awe mmoja au wanne, wakiwa na watoto wa marehemu wanashirikiana thumni. Sasa tatizo letu ni nini? Kanuni ipo, utekelezaji haupo. Hitma imesomwa, wali umeliwa, mwaka wa saba sasa mirathi haijagawanywa, na kaka mkubwa anakusanya kodi ya nyumba.

La pili. Andika ungali hai. Mtume, sala na salamu zimshukie, ametufundisha kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale masiku mawili ila wasia wake umeandikwa. Andika madeni yako, amana za watu ulizonazo, hati ziko wapi. Na ukiwapa watoto zawadi ukiwa hai, fanya uadilifu. Sahaba mmoja alimpa mtoto wake mmoja zawadi akataka Mtume awe shahidi, Mtume akamuuliza kama watoto wengine nao wamepewa. Aliposema hapana, Mtume alikataa kushuhudia.

La tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Muhammad wa Tano alidhani kimya ni amani. Alimfungia ndugu yake kwenye raha, akaona yamekwisha. Raha bila haki wala mazungumzo haipozi moyo. Inampa tu mtu muda wa kufikiri. Na wakati nyinyi hamsemezani, yuko shemeji, yuko rafiki, yuko jirani anayejifanya anakuonea huruma, kumbe anatafuta ngazi.

Mimi nimelelewa nyumba ya mama wawili. Baba alipofariki, tuligawana kwa kadhi, karatasi ziko sawa, hakuna aliyedhulumiwa hata shilingi. Lakini kuna neno nililomwambia kaka yangu wa mama mkubwa siku ile ya kugawana, neno la jeuri ya mtu aliyesoma. Tangu hapo ni salamu za Idi kwa ujumbe wa simu. Miaka mitano. Nasimama mimbarini nafundisha kuunga udugu, na wangu nimeufungia jumbani. Juzi, baada ya daku, nilimpigia. Hakupokea. Nikapiga tena baada ya swala ya alfajiri, akapokea. Hatukusema mengi. Aliuliza, "Mama hajambo?" Nikalia, wallahi. Idi nitakwenda kwake, inshallah, na lile neno nitaliomba radhi mbele ya wanawe, maana nililisema mbele yao.

Kazi ya leo, ndugu zangu, ni mbili tu. Kabla ya futari chukua karatasi uandike madeni na amana zako. Baada ya tarawehe mpigie yule mmoja. Unamjua. Asipopokea, piga tena alfajiri.

Kwenye kuta za Alhambra wale wafalme waliandika mara nyingi kaulimbiu yao, kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Maneno ya kweli kabisa. Wakapita chini yake usiku wa Ramadhani, mikononi wana panga.

Ewe Mola wetu, tuunganishie nyoyo zetu na ndugu zetu, wa mama mmoja na wa baba mmoja. Turehemu wazazi wetu waliotangulia, na utuepushe kula fungu la mwingine. Tukubalie saumu zetu na utufikishe Idi tukiwa hatuna tuliyemnunia. Amin.

Zakatul fitri tusiicheleweshe, itolewe kabla ya swala ya Idi. Wassalaamu alaykum.